Sinia Lililorudishwa Alhamisi

Haya alinieleza Bilqis, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwezi wa sita mwaka ule wa mabomu, tukikata maembe mabichi ya achari uani kwake. Yeye ni mama wa Nazish. Pale ambapo hakuwapo, binti alimsimulia baadaye. Na binti huyo hajui kudanganya, ndiyo maana yalimfika yaliyomfika.

Baridi ilikuwa inakwisha. Nazish alikuwa sokoni Anarkali, hapa Lahore, kanzu ya kijani, mtandio ukimponyoka begani kila akiinama, akigawa vikaratasi. Yeye na wenzake wa chuo, hawafiki hata kumi na watano, walikuwa wakiandikiana na vijana wa Amritsar, India, ng'ambo ya mpaka. Pande zote mbili neno lao moja: nchi zetu ziache mabomu ya nyuklia, hii na ile, maana upepo hauombi ruhusa mpakani.

Mbele yake akasimama kijana aliyekumbatia magunia mawili ya lozi mpaka kidevuni.

"Chukua, kaka, usome."

"Kwa mkono upi? Nibandike mdomoni."

Akambandika kimoja kweli. Soko zima likacheka. Kijana akaenda nacho vivyo hivyo, meno yameking'ata, hadi mtaa wa Gawalmandi kwa baba yake, Haji Bashir, mpika tamutamu, ladu na halua. Kesho yake akarudi pale pale, mikono mitupu.

"Nimekisoma. Kina makosa mawili."

"Yapi?"

"Hakina jina lako, wala nambari ya simu."

Yeye jina lake Tanveer. Simu ya kina Nazish ilikaa ukumbini, karibu na masikio ya mama. Bilqis akiinua, husikia sauti nene: "Hapo ni duka la saruji?" Wiki ya tatu akajibu, "Saruji imekwisha, mwanangu. Nikuitie binti?"

Mama wawili wakatembeleana, wakaridhiana. Likabaki jambo moja: Ijumaa ya mwisho ya Mei, watu wa Tanveer walete sinia la tamutamu. Kwetu sinia la posa likipokelewa, neno limefungwa. Likirudishwa mlangoni, hakuna cha kuuliza tena.

Sasa, mwezi huo huo India walikuwa wameshalipua mabomu yao ya majaribio jangwani. Alhamisi, siku moja kabla ya posa, na sisi tukalipua yetu milimani. Lahore ikashangilia. Ngoma, fataki, watu wasiojuana wakilishana ladu barabarani. Bilqis alikuwa kwa fundi cherehani. Nazish yuko peke yake, macho yamevimba kwa kulia. Jirani mmoja akaleta ladu za kushangilia bomu, Nazish akazirudisha. Wa pili nilikuwa mimi. Nami nikarudishwa, nikanuna, sifichi. Wa tatu akaja mzee mwenye ndevu za hina, na sinia mikononi.

"Hongera, binti! Pokea."

"Mzee wangu, nyumba hii hatuli tamutamu za bomu. Rudisha ulikolitoa."

"Nirudishe?"

"Rudisha!"

Ijumaa vikombe vya maua vilipangwa tangu asubuhi. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, hakuna mtu. Nazish akapiga simu dukani kwa kina Tanveer. Haji kusikia ile sauti tu, akakata.

"Jana alikuja nani?" Bilqis akauliza.

"Majirani na ladu zao. Na mzee mmoja wa ndevu nyekundu."

"Sinia lake lilifunikwaje?"

"Kitambaa chekundu, tarizi ya dhahabu, vishada pemb..."

"Ole wangu! Bomu gani hilo linalofunikwa kitambaa cha bibi harusi?"

Nazish akaketi sakafuni. Kumbe Haji, alipoona wateja wa kushangilia bomu wanakomba rafu zote, alihofu kesho asikute kitu, akamtuma ndugu yake Latif, yule mzee, alete sinia la posa Alhamisi ile ile.

Jumamosi vijana kumi na mmoja walisimama barabara kuu na kitambaa chao: BOMU LETU NA BOMU LAO, YOTE HATUYATAKI. Wakarushiwa mayai. Katikati ya matusi akatokea Tanveer, aproni imejaa unga.

"Umefuata nini?" Nazish akauliza.

"Jibu. Ulinikataa mimi?"

"Nilikataa bomu!"

"Ami Latif anasema alikupa hongera."

"Juzi mji mzima ulipeana hongera, Tanveer! Ningejuaje?"

Tanveer akataka kucheka, nyanya ikampata sikioni. Akajifuta. "Baba anasema uje uombe radhi, useme umefurahi kama watu wote. Sinia litarudi leo hii."

"Kwa Ami Latif nitaomba radhi hata kwa magoti. Kufurahi siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Mpenzi wangu, nikiingia kwenu kwa uongo, nitaishi humo kwa uongo."

Tanveer akashika ncha ya kitambaa iliyokuwa ikilegea. "Vuta basi, mbona unakilegeza?"

Habari zikamfikia Haji kwamba mwanawe amepigwa mayai hadharani. Akaapa: posa imekufa.

Jumatatu adhuhuri, jua la kukaanga, bajaji ikasimama mlangoni kwa Bilqis. Akashuka ajuza, shuka jeupe, mikono mitupu. Ni Bibi Sardaran, mama yake Haji.

"Nani alimrudisha mwanangu Latif?"

"Mimi, Bibi. Nisamehe. Sikujua ni la posa."

"Ungejua?"

"Ningelipokea kwa mikono miwili."

"Na likija jingine la bomu?"

Bilqis akamfinya binti mgongoni. Nazish akauondoa mkono wa mama. "Nitalirudisha, Bibi."

Ajuza akavua viatu taratibu. "Mimi nimezaliwa Amritsar, kichochoro cha wafuma shali. Alhamisi Bashir aliniletea ladu kitandani, nifurahi kwamba sasa tunaweza kukichoma. Nikaitema. Hakuna aliyeniuliza kwa nini." Akamtazama binti. "Nimemwambia Bashir, ama aje yule msichana, ama niondoke mimi. Haya, nitandikie. Jua limenichosha."

Bilqis akashika mdomo. Kwetu mwanamke mzima halali mchana kwa watu baki. Hulala kwa jamaa zake. Nazish akatandika kitanda cha kamba chini ya feni, kisha akakimbilia simu.

"Tanveer, bibi yako amelala kwetu."

"Amelala, au amefumba macho tu?"

"Anakoroma."

Akamsikia akipiga kelele dukani, "Baba! Bibi amelala kwa kina Nazish!" Halafu sauti ya Haji, ya chini: "Basi wasimwamshe. Jioni tunakuja."

"Umesikia, roho yangu?"

"Nimesikia. Na Jumamosi ijayo, tukisimama tena? Wenzetu wa Amritsar wamepiga simu. Nao watasimama, saa ile ile."

"Nitakuja. Nitavaa kofia ya mayai."

Bilqis alikuwa ameshajinyoosha mkekani, usingizi umembeba. Nazish akalala miguuni pa ajuza, akijiambia hafumbi macho, huenda Bibi akataka maji. Feni ikazunguka. Akafumba.