Maji Matamu ya Khariya

Soko la Mnara wa Saa mjini Jodhpur lilikuwa limefurika mpaka watu wanakanyagana. Jugal alikuwa amebeba bomba jeusi lililoviringishwa begani, anapenya kati ya wauza pilipili, bomba likanasa mtandio wa njano wa msichana aliyekuwa anakunywa lasi, maziwa ya mgando yaliyokorogwa na sukari. Mtandio ukaenda, na lasi ikamwagika.

"Kaka, ukiutaka si uniombe tu?"

Jugal aligeuka, bomba likageuka naye, likaangusha gilasi nyingine.

"Samahani dada, sikukuona."

"Rangi yote hii hukuiona? Wewe wa kununua miwani, si bomba." Msichana akacheka. "La nini hilo?"

"La kumwagilia nyasi. Mimi fundi wa pampu, uwanja wa gofu."

"Nyasi! Mtaani kwetu maji yanakuja kila siku ya tatu, wewe unayanywesha nyasi?"

Aliitwa Hemlata. Jugal alimnunulia lasi nyingine huku aibu imemwingia hadi masikioni, lakini kabla gilasi haijaisha namba ya simu ilikuwa mfukoni.

Ikafuata miezi minane ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umeshawanywesha wake wenzangu, hizo nyasi zako?"

"Ndiyo natoka huko."

"Ungenijali hivyo mimi, ningekuwa nimenenepa."

"Hayo ni maji machafu ya mji, Hema, yamesafishwa tu. Imeandikwa hata getini."

Ilikuwa kweli, ila nusu. Jua likikolea, maji hayo hayakutosha, na hapo ndipo vilipoingia kazini visima vinne virefu vya mashine. Mahali pa kuchimba cha nne alipachagua Jugal mwenyewe. Siku maji yaliporuka alipigiwa makofi, naye akacheza kwenye tope kama bwana harusi. Kutoka pale hadi Khariya, kijijini kwao, ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

Mwezi wa Mei mama yake alipiga simu. Ndoo ya kisima cha uani ilikuwa imetoka na matope matupu.

Taabu ilikuwa kwamba posa ilikwishapelekwa. Na ukoo wa kina Hemlata hautoi binti mpaka shangazi yake aende ukweni, ateke maji ya kisima cha nyumba ile kwa mkono wake mwenyewe, amletee binti anywe. Akishayanywa, amekuwa wa nyumba ile. Baba yake Hemlata alikuwa amesema wazi kwamba hamtoi mwanawe akabebe ndoo kichwani.

"Shangazi Gomti anakuja Jumapili," Hemlata alisema kwenye simu. "Kisima chenu kina maji lakini?"

"Kimejaa," alijibu Jugal.

Jumamosi alikifunga kisima cha nne. Dakika kumi hazikupita, koki ikajifungua yenyewe na meneja akapiga simu.

"Jugal, kompyuta inaniambia umegusa cha nne. Wiki ijayo kuna mashindano. Nyasi zikipauka, tumekwisha wote, mimi wa kwanza. Ukichoka niambie. Wanaoitaka hiyo kazi wamejaa getini."

Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Basi asubuhi ya Jumapili Jugal alijaza lori la maji kutoka kisima kile kile cha nne, akaenda kuyamimina kwenye kisima cha mama yake.

Shangazi Gomti alifika na sketi yake pana nyekundu, bangili nyeupe hadi kwenye kiwiko. Jugal aliinama akamgusa miguu kwa heshima. Shangazi akateka, akajaza chungu, akaonja kidogo kwa kiganja.

"Matamu," alisema.

Mama Jugal akainamisha uso.

"Mimi nimekulia kijiji cha jirani, mwanangu. Maji ya Khariya yana chumvi, dengu hazilainiki mpaka uzichoke. Haya umeyatoa wapi?"

Jugal alitazama alama za magurudumu ya lori mchangani. Shangazi hakuyamwaga. Huko maji hayamwagwi, hata yakiwa ya uongo. Akaondoka na chungu chake.

Siku nne Hemlata hakupokea simu. Ya tano akapiga mwenyewe. "Njoo pale uliponinyang'anya mtandio."

Jugal alimkuta amevaa ule ule wa njano. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimemkaushia mama yangu kisima kwa mikono yangu?"

"Hivyo hivyo ulivyosema."

"Nitaacha kazi, Hema."

"Ukiacha, pampu zitazimika?"

"Hapana."

"Na Mama atanunuliwa maji na nani?"

Hemlata akamsogelea.

"Njoo naye mjini basi, tupange nyumba."

"Nimemwomba. Anasema atakufa Khariya. Na baba yako je?"

"Baba ameshapokea watu wa posa kutoka Udaipur. Ziwa liko mlangoni kwao." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Nikuambie kitu? Shangazi aliporudi aliweka chungu jikoni, akaenda kuzungumza na Baba. Mimi sikungoja. Niliyanywa yote."

Jugal alisahau kwamba wako sokoni. "Hema! Si umeshakuwa wetu basi!"

"Wenu nani, mpenzi wangu? Yale hayakuwa maji ya kwenu. Nimekunywa maji ya uwanja wa gofu."

Jugal alimpenda mno, na hakukuwa na koki yoyote ya kufunga. Simu ikalia mfukoni, alikuwa meneja. Bomba limepasuka, alete jipya haraka, nyasi zinaungua.

"Nenda," alisema Hemlata.

Alikwenda duka la mabomba, akatoka na bomba jeusi begani. Alipopita tena pale kwenye lasi Hemlata alikuwa bado amesimama. Alimwona anakuja, akaukusanya mtandio wake mapema, bomba lisije likaunasa.