Siku Samahani Alipopita Kimya

Samahani alipita na gunia lake la kahawa mgongoni, na hakusema samahani.

Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa wakainua vichwa. Miaka miwili mwanamume yule alipita katikati yao, na kila mkeka alioukaribia aliuomba njia: samahani mama, samahani dada, samahani tena. Wapo walioapa kwamba walishamsikia akiliomba radhi gunia. Leo amepita kimya kama mtu anayetoka kuzika.

"Padri," Zabibu wa Kashai akanong'ona, "umemfanya nini mtu wako?"

Padri ndiye Felicitas, msishangae. Mjini Bukoba mwaka ule, picha ya Mfalme iliposhushwa bomani ikapandishwa ya Malkia, jina ulilopewa na baba yako liliishia kwenye lango la kiwanda. Ukiingia tu, Felicitas alikutazama, akacheka kidogo, akakubatiza. Mzungu wa mashine alikuwa Bwana Tena, maana kila kazi aliamuru irudiwe. Lukmani, nyapara, alikuwa Nusu Saa. Zabibu alikuwa Redio, na sababu nadhani mmeshaiona. Ndipo wenzake nao wakamwita yeye Padri, na jina hilo alilivaa kwa maringo. Lakini katika majina yote aliyowahi kutoa, alilojivunia zaidi ni Samahani, kwa sababu mwenye jina hilo yeye Felicitas alikuwa akimpenda.

"Sijamfanya kitu," akasema. "Tangu Ijumaa sijamwona."

"Basi kamuulize."

Saa ya kupumzika akamkuta amekaa juu ya magunia, ndizi ya kuchoma mkononi, hajaiuma.

"Samahani, una nini leo?"

"Sina kitu."

"Umenipita kama hunijui."

Hapo akamtazama, na Felicitas hakuwahi kutazamwa vile na mtu huyu.

"Si ndivyo ulivyotaka? Nimejibiwa, dada. Jibu nimelisikia. Alhamisi napanda meli kwenda Mwanza, huko makuli wanatakiwa."

"Umejibiwa na nani?"

Alikuwa ameshanyanyuka na kuondoka.

Felicitas akarudi kwenye mkeka wake. Kwa hiyo kuna mwanamke. Kuna mwanamke ameombwa, akakataa, na yeye Padri mzima hana habari.

"Na mimi nilivyo mjinga," akamwambia Zabibu, "juzi tu nimekataa mchumba kwa ajili yake."

"Mchumba gani tena?"

"Tata, baba yangu, aliniita nyumbani Kaagya. Amekuja mshenga na barua ya mtu wa Muleba, eti ananipenda, eti tunafahamiana. Nikamwambia Tata, wanaume wa siku hizi wakisikia msichana anafanya kazi mjini, wote wanajidai wanamjua. Nikachukua kalamu nikajibu mwenyewe, nyuma ya barua yake. Mshenga akaondoka nayo."

"Ulijibu nini?"

"'Sikujui, wala sitaki kukujua.'"

Zabibu akaguna. "Mwenzangu, ulimi wako huo. Na huyo bwana anaitwa nani?"

"Datius Karugendo."

"Na Samahani anaitwa nani?"

"Samahani."

"Hilo ulimpa wewe. Nauliza alilopewa kwao."

Felicitas akaacha kuchambua. Alijua mtu yule anakunywa chai bila sukari. Alijua bega linalomuuma, na kwamba mama yake ni mjane. Jina lake hakuwahi kuliuliza, kwa kuwa alishampa jingine akaona linatosha.

Wakamwendea nyapara mbio.

"Nusu Saa... yaani, Bwana Lukmani," Felicitas akasema. "Samahani kwao anaitwa nani?"

Lukmani akalamba kidole, akafunua daftari la majina taratibu, kama kawaida yake.

"Samahani, Samahani... huyu hapa. Datius Karugendo, wa Muleba. Ameshaaga huyu."

Felicitas akakaa chini palepale, kwenye vumbi. Yule mwanamke aliyemwonea wivu tangu asubuhi alikuwa yeye mwenyewe.

Siku mbili akamtafuta asimpate. Datius alikuwa amehamia gatini kupakia meli. Alhamisi asubuhi Felicitas hakwenda kazini. Alikwenda kusimama mbele ya ubao wa kupandia melini, na makuli wakaanza kumzunguka wakilalamika. Datius akatokea na gunia.

"Nipishe," akasema.

"Samahani."

"Nimesema nipishe. Gunia hili zito."

"Samahani, Datius."

Gunia likashuka begani.

"Jina hilo umelipata wapi?"

"Kwenye daftari la Nusu Saa. Mimi ninayempa kila mtu jina, la mtu wangu nimesomewa na nyapara. Naona aibu, Datius. Yule niliyemkataa sikumjua. Wewe nakujua, na nakutaka."

Datius akajifuta jasho.

"Ulisema mbele ya wenzako kwamba mwanamume mwenye heshima huanzia kwa baba. Nikaanzia kwa baba. Niliposoma majibu yako nikasema, kumbe miaka miwili nilikuwa kichekesho tu."

"Nakucheka kila siku. Na kila siku nakupenda. Njoo Kaagya Jumapili."

"Baba yako atanipokea, baada ya maandishi yale?"

"Hatakupokea. Wewe njoo."

Meli ikaondoka bila yeye.

Jumapili mzee Kashaija, baba yake Felicitas, alikuwa uani na ndugu zake, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati yao. Hakunyanyuka, wala hakumpa mgeni kahawa ya kutafuna, ambayo kila mgeni hukaribishwa nayo.

"Kijana, binti yangu alikujibu kwa mkono wake na mimi nikakubali. Nyumba hii haina midomo miwili. Tena nasikia mjini unaitwa Samahani. Mwizi akija usiku utamfanya nini, utamwomba radhi?"

Ndugu wakaangua kicheko. Felicitas, mlangoni pa jikoni, alisikia mzaha wake mwenyewe ukimrudia mtu ampendaye, akatamani kukimbilia migombani. Kama Datius angeinamisha kichwa sasa, yangekuwa yamekwisha.

"Waitu, mzee wangu," Datius akasema, "nakuomba ruhusa nijitaje."

Kicheko kikakatika. Mwanamume akiomba kujitaja, atangaze jina lake na matendo yake, Buhaya nzima inajua, hanyimwi. Mjomba mmoja akampa fimbo ishike nafasi ya mkuki. Datius akavua viatu, akasimama katikati ya ua, akainua fimbo. Sauti iliyotoka Felicitas hakuwahi kuisikia.

"Mimi ni Karugendo, niliyezaliwa safarini, mama akiwa na mzigo kichwani! Mimi ndiye nipandaye melini na gunia mgongoni, ubao ukalia, mimi nisilie. Jina la Samahani ni langu, alinipa binti wa nyumba hii. Nimepita katikati ya wanawake arobaini miaka miwili, sijamkanyaga hata mmoja. Mnyonge haombi njia, hupisha. Mimi naomba njia kwa sababu ninapita! Leo nimekuja kwa Kashaija kumtaka Felicitas, na kwa hilo siombi samahani kwa mtu."

Akaichoma fimbo ardhini. Ndugu wakapiga makofi, hata waliocheka sana, na Felicitas akajikuta analia kwa fahari bila kujificha. Yule ndiye mtu wake.

"Felicitas," baba akaita. "Unamjua huyu?"

"Namjua, Tata."

"Uliandika humjui."

"Niliandika kwa kiburi. Leo nasema kwa mdomo wangu, mbele yenu nyote. Namjua, na namtaka."

Kashaija akamtazama binti, akamtazama kijana, kisha akasogea pembeni kwenye mkeka.

"Karugendo, mwanangu, samahani kwa maneno yale. Kaa hapa. Mleteeni kahawa."

Wiki chache baadaye, padri wa kweli alisimama kanisani akatangaza ndoa ijayo ya Datius Karugendo na Felicitas, binti Kashaija. Wachambuzi wa kahawa walijaa mabenchi ya nyuma, na mmoja wao, aliyelijua jina la Samahani tu, akanung'unika kwa sauti ya kusikika.

"Huyu Padri wetu hana huruma. Sasa Samahani wa watu anamwachia nani?"

Felicitas akageuka humohumo kanisani.

"Simwachii mtu," akasema. "Ndiye huyo huyo."