Chungu cha Maua Mlangoni kwa Léontine

Hebu niambie, wewe ungenunua nyumba ambayo mwenyewe bado anakohoa ndani yake?

Hester alinunua. Huku kwetu Ufaransa si ajabu. Mzee akishindwa kuezeka paa huiuza nyumba, lakini haondoki. Mnunuzi humpa kidogo kila mwezi, na mzee akifumba macho ndipo mwenzake hukabidhiwa funguo. Yamekwenda hivyo tangu enzi za mama zetu, na hakuna anayesema kwa sauti kwamba kuna mtu anasubiri.

Lakini nianzie Bordeaux, soko la Capucins, Jumamosi asubuhi, watu wamebanana mbele ya meza za chaza. Hester, Mwingereza wa Leeds, kazi yake kunyoosha viungo vya wagonjwa, alikuwa amevaa koti la kijani lililofungwa hadi shingoni, nywele zake nyekundu zimelowa mvua. Akakamua limau juu ya chaza wake. Maji yakaruka, yakampata jichoni mwanamume aliyesimama pembeni akiwa na sare ya buluu ya madereva wa tramu, treni za barabarani.

"Dada, mwenye kiu ni chaza, si mimi!"

"Jamani, pole! Nimekuumiza?"

"Nusu tu. Jicho lililobaki linakuona vizuri."

Hester akacheka hadi sahani ikayumba. Mwanamume akasema anaitwa Aubin. Akamwonyesha jinsi ya kummeza chaza pamoja na maji yake ya chumvi, akamnunulia glasi ya mvinyo mweupe.

Tangu hapo simu zikawa kila jioni.

"Umeshafika, mpenzi?"

"Nimefika. Wewe leo umegonga wangapi?"

"Hakuna, roho yangu. Leo wote walikuwa wanakimbia vizuri."

Jioni moja Hester akamwambia habari ya nyumba aliyokwisha kununua. "Ni ya mashambani, kule karibu na Bergerac. Ya zamani sana, ina mnara wa njiwa na ngazi ya mawe iliyoliwa katikati. Ila bado ina bibi ndani, Madamu Lacombe."

Aubin naye jina lake la ukoo ni Lacombe. Kina Lacombe huku ni wengi kama mawe ya shambani, ndiyo maana Hester hakuwahi kuwahusisha wawili hao. Mauzo nayo yalipitia kwa wakili, na bibi alimwambia mwanawe kwamba mnunuzi ni mgeni tu.

"Huyo ni mama yangu," Aubin akasema.

"Mungu wangu. Umenichukia?"

"Aliuza kwa hiari yake. Mshahara wangu usingeezeka hata choo cha nyumba ile. Ila niambie, mtu mmoja, nyumba yote ile unaitaka ya nini?"

"Ya kufugia njiwa," Hester akajibu, akageuza maneno.

Akaanza kwenda huko Jumapili. Bibi mwenyewe, Léontine, alikuwa mrefu, mkavu, aproni ya maua juu na buti za marehemu mumewe chini. Alimfungulia kwa maneno yaleyale kila mara.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Ndiyo, mama. Nikikuta bado, naosha vyombo."

"Basi ingia uoshe."

Walikunywa supu ya vitunguu saumu. Ikibaki ya chini, Léontine aliimiminia mvinyo mwekundu, akaizungusha, akainua bakuli kwa mikono miwili. Hester akamwiga, akatoka na masharubu mekundu, na bibi akapiga meza kwa kicheko.

"Binti, hii nyumba unaitaka ya nini?"

"Ya kufugia njiwa, mama."

"Muongo mkubwa wewe."

Mwisho wa Oktoba maduka ya Bergerac yalipanga nje vyungu vya maua ya krisanthemu, ya manjano na ya zambarau, yamefumuka mviringo kama keki. Hester akaona wamefanya vizuri kuipamba baridi. Akachagua chungu kikubwa kupita vyote, akakifunga utepe, akakiweka mlangoni kwa Léontine na kubisha.

Bibi akafungua. Akayatazama maua. Siku hiyo hakusema maneno yake.

"Rudi Bordeaux, binti. Nimechoka."

Jioni Aubin akapiga. "Umeshindwa kusubiri?"

"Kusubiri nini?"

"Usijifanye mtoto, Hester. Mbona hukuleta na jeneza kabisa!" Akakata.

Hester alimpigia tena na tena, hakupokea. Siku ya Watakatifu Wote, huku ndiyo siku ya kuzuru wafu, akapita makaburini, akachungulia getini. Juu ya kila kaburi, mpaka ukuta wa mwisho, kulikuwa na chungu kama kile chake. Akashika nondo za geti na kusimama hapo mpaka glavu zikalowa. Kisha akamtumia ujumbe wa sauti: "Aubin, kwetu maua haya yanawekwa mezani. Sikujua. Mwambie mama sikujua."

Tangu hapo hakuthubutu kwenda Jumapili bila kuitwa, na hakuna aliyemwita.

Januari kifua cha Léontine kilishindwa. Hester alisimama nyuma ya watu wote mazikoni, na watu walipotawanyika Aubin akamwita jikoni kumkabidhi funguo. Suti yake nyeusi ilikuwa fupi mikononi. Dirishani palikuwa na kile chungu, mashina yamekatwa, machipukizi ya kijani yanatokeza.

"Aliyatunza?"

"Alikasirika siku moja. Ya pili akacheka mpaka akapaliwa. Alisema hakuna maiti anayeyaona maua yake, yeye ameyaona na kuyamwagilia."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa na hasira. Hasira ikaisha, ikabaki aibu. Hospitali alikuulizia kila mlango ulipofunguliwa. Nikamwambia uko njiani."

"Hukunipigia, Aubin."

"Sikupiga."

Hester akakaa kwenye kiti cha Léontine, kisha akainuka haraka kama kiti kimemuunguza. "Ningekuja kwa miguu."

"Najua. Nitukane basi."

"Nikikutukana atarudi?"

Funguo zilikuwa mezani kati yao na hakuna aliyezigusa. Nje njiwa walikuwa wanagombania pa kulala.

"Hester, uliitaka ya nini nyumba hii?"

Safari hii hakutania.

"Nimelelewa kwenye nyumba za watu, leo hii, kesho ile. Nikiingia, hakuna aliyeuliza natoka wapi. Sikutaka mnara, wala njiwa. Nilitaka nyumba yenye mtu anayekohoa chumba cha pili."