Mpenzi wa Alhamisi

"Mama, huyu Neville ni nani, na kwa nini anakuita malkia wake?"

Uma wa Lorna Metcalfe ulibaki hewani na kipande chake cha nyama ya kuoka. Mchuzi ukadondokea mezani. Tamsin, bintiye wa pekee, alikuwa ameshika simu ya mamake akimwonyesha picha za nyumba ndogo ya kupanga huko Leeds, karibu na kwake, ndipo ujumbe ulipoingia ukafunika picha.

"Nipe simu yangu, Tamsin."

"Ngoja nisome vizuri. 'Malkia wangu, nimeleta mapipa, niko ghalani chini yenu. Umeshamwambia? Moyo unanienda mbio. Neville.'" Tamsin akainua macho. "Kuniambia nini?"

Jumapili mchana baa ya Kondoo Dume hufurika: wakulima na wake zao, wapanda milima wenye buti za matope, mbwa chini ya meza. Meza ya jirani ilinyamaza ghafla kama iko kanisani.

Lorna akapiga funda kubwa la bia. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane wa mwaka wa sita. Asubuhi ile, mbele ya kioo, alikuwa amefanya mazoezi ya sentensi moja mara kumi. Ikamtoka nyingine kabisa.

"Ni... ni mtu tu anayeleta bia hapa. Ana utani. Wanawake wote huwaita hivyo."

"Wote?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Neville Iveson, mpika bia wa bonde lile, alikuwa amepanda kutoka ghalani na aproni yake ya ngozi, pipa tupu kwapani.

"Mimi, Lorna? Wote?"

Lorna akainamia sahani yake.

"Samahani kwa usumbufu, binti," Neville akamwambia Tamsin. "Mama yako kasema kweli. Mimi ni mleta bia."

Akatoka kwa mlango wa nyuma bila kugeuka.

Doreen, mwenye baa, aliweka chini bilauri aliyokuwa akiifuta.

"We Lorna! Huoni haya? Miaka miwili nawawekea meza ya pembeni kila Alhamisi, mnakula pai ya sungura mmeshikana mikono kama watoto wa shule, leo unamkana mchana kweupe?"

"Alhamisi?" Tamsin akaruka. "Si uliniambia Alhamisi unakwenda kwaya?"

"Sijui kuimba, mwanangu. Unajua sijui kuimba."

"Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza hao watu wamekupokeaje!"

Mtu akacheka meza ya pili. Tamsin hakucheka. Aliiweka simu mezani.

"Kwa nini ulinificha, Mama?"

"Siku tuliyomzika baba yako ulinikumbatia ukasema, 'Tumebaki wawili tu.' Nikaogopa kukuletea wa tatu."

"Mama! Nilikuwa na uchungu. Haikuwa amri ile." Akajifuta macho kwa kiganja. "Unajua kwa nini nakutafutia nyumba? Kila nikikupigia unaniambia uko peke yako. Nalala roho juu."

"Nilisema hivyo ili usinihoji."

"Unampenda?"

"Nampenda. Sana."

"Sasa umekaa hapa unangoja nini? Husikii gari linawashwa?"

Lorna alitoka mbio na kitambaa cha kulia kikiwa bado kifuani. Uani, gari la mapipa lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Akalipiga ubavuni kwa ngumi mbili.

"Neville! Simama!"

Gari likasimama. Kioo kikashuka nusu.

"Nisamehe. Niliogopa, mpenzi. Ulimi ulinikimbia."

"Nakuelewa, Lorna. Lakini nimechoka kupendwa uani. Mimi si paka."

"Basi shuka turudi ndani."

"Kufanya nini?"

"Shuka kwanza, mwanamume mbishi wewe!"

Alimshika mkono, akamvuta hadi katikati ya baa, akagonga bilauri kwa kijiko.

"Jamani, nisikilizeni! Huyu ni Neville Iveson. Ni mpenzi wangu, mwaka wa pili sasa. Nimemkana mbele ya mwanangu, na mbele yenu nyote namwomba radhi."

Kisha mzee mmoja karibu na moto akapaza sauti:

"Tunajua, Lorna! Bonde zima linajua! Kaa, nyama inapoa!"

Baa ikalipuka kwa kicheko. Neville aliwekwa kiti, akaletewa sahani iliyojaa hadi ukingoni. Tamsin akamkazia macho kama askari.

"Mzee Neville, nina maswali. Unavuta sigara?"

"Niliacha."

"Unakoroma?"

"Sijui, binti. Sijawahi kuwa macho nikajisikia."

"Anakoroma," Lorna akadakia, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Hapo hata Tamsin alishindwa. Alicheka mpaka akalaza paji la uso mezani, na alipoinuka alivuta bilauri ya bia ya Neville mwenyewe, akaonja, akaonja tena.

"Hii umeipika wewe?"

"Mimi na mvua ya milima hii."

"Basi Leeds ifutwe."

Walioana mwezi Mei, katika kanisa la mawe ng'ambo ya barabara, milango wazi na harufu ya nyama ya Doreen ikiingia hadi madhabahuni. Tamsin ndiye aliyemshika mamake mkono hadi mbele. Kasisi akauliza ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe.

"Mimi," Tamsin akajibu, "lakini simtoi moja kwa moja. Kila Jumapili nakuja kula naye."

Neville akainama, akamnong'oneza Tamsin kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma:

"Uje na njaa, mwanangu."