Milio Minne ya Mashine ya Lulwa

Haya yalimpata rafiki yangu Dalal, wa mtaa wa pili hapa Kuwait. Binti yake Lulwa ana kisukari na huvaa kiunoni mashine ya kumtia insulini. Kampuni ilitaka mashine hiyo irudishwe, kwa kuwa mtu yeyote aliye karibu angeweza kuiamrisha kwa simu. Dalal aliing'ang'ania kwa sababu hiyohiyo: usiku huiamrisha kwa simu yake bila kumwamsha mtoto. Mwenyewe hajalala vizuri miaka miwili.

Alasiri moja yeye na Lulwa walikuwa wakirudi kwa gari kutoka kununua mkate. Vumbi likawakuta njiani, mchana ukageuka giza, naye akasimamisha gari pembeni. Mchanga ulikwaruza vioo.

Ndipo mashine ikalia mara nne, mlio mmoja kwa kila kipimo cha insulini.

"Lulwa, umebonyeza nini?"

"Sijagusa, mama."

Simu ya Dalal ilikuwa nyumbani. Vipimo vinne tumbo likiwa tupu vingeweza kumuua mtoto. Akapapasa, akachomoa mrija, lakini dawa ilikuwa imeshaingia.

"Kula mkate, mwanangu, upesi!"

"Nimeshiba. Usinigombeze."

"Umeshiba nini?"

Lulwa akaanza kulia. "Nimekula tende sasa hivi, kwa siri. Hata wewe hukuniona."

Dalal humpimia kipimo kimoja kwa kila tende.

"Tende ngapi?"

Mtoto akamnyooshea kiganja. Dalal akahesabu kokwa kwa kidole, gizani. Zilikuwa nne.