Noti Kwenye Paji la Gustave

Siku hiyo ufukwe wa South Beach ulifurika watu. Mzungu mrefu mwenye suti ya kitani iliyokunjamana alikuwa anapita na sanduku la saksafoni. Akageuka kutazama bahari, sanduku likapiga meza ya Marcelline mbele ya saluni yake, na kichwa cha plastiki kilichovaa wigi jekundu kikabingirika mpaka kwenye robot, taa za kuongozea magari. Magari yakapiga honi, naye akakifuata mbio.

"Eish, papa, umemkata kichwa mteja wangu," Marcelline akamwambia, mkono kiunoni, gauni la njano limemkaa sawasawa.

"Nimemrudisha mzima, mama. Nywele tu ndizo zimesimama."

Ndivyo alivyomjua Gustave wa Liège. Alikuwa amepuliza Ulaya nzima. Wenye vilabu walikula faida, yeye wakamwachia kikohozi. Sasa alipuliza katika hoteli ya ufukweni, na Kiswahili chake cha kuokota alikinoa palepale saluni, kwa "sheri" nyingi, yaani "mpenzi" kwa Kifaransa, na chai ya tangawizi.

Wakubwa wa hoteli, watu ambao hata filimbi ya mtoto ingewashinda, wakaamua muziki wa kaseti unatosha badala yake. Wakampa tiketi ya kurudi kwao. Jioni ya mwisho pale hotelini akapuliza mpaka Marcelline akainuka kati ya meza, akatoa noti mpya, akambandika kwenye paji la uso lenye jasho. Saksafoni ikanyamaza. Gustave akaibandua noti, akampa mhudumu, akaondoka bila kwaheri.

Kesho yake simu ikalia saluni.

"Marcelline, mimi si ombaomba."

"Nani kasema? Kwetu Bukavu mpigaji akikushika moyo unambandika noti, watu wote waone. Ulitaka nikubandike stempu?"

"Kumbe."

"Nilikuwa nakwambia usiende, sheri. Na wewe ukampa mhudumu."

"Nimeshafunga mizigo."

"Fungua."

Marcelline akamsikia anakohoa, au anacheka. "Na mtu akitaka kuoa, kwenu anabandika nini?"

Marcelline akakiacha kichana kikining'inia kwenye nywele za mteja. "Habandiki kitu. Anatuma mzee kwa mjomba wangu."

"Wazee wangu wote wako makaburini Liège. Hapa iko Jecha tu, bawabu wa hoteli, Mzanzibari wa mtaa wa Chatsworth."

"Ndevu anazo?"

"Nyeupe, mpaka kifuani."

"Anatosha. Ila asije na lile koti lenye jina la hoteli. Wale wakubwa wasije wakajisifu kwamba wao ndio wameniozesha."