Hita Iliyomwinamia Rukia

Moto wa ile hita ya gesi ulianza kuinama siku ya Jumatano. Upepo haukuwepo. Zuhura mwenyewe alikuwa ameziba nyufa zote za dirisha kwa selotepu, maana Januari ile ya 2008 Doha iliingia baridi ambayo mtu wa Tanga hana nguo yake. Moto ukaacha ubluu, ukawa wa njano, ukalalia upande mmoja: upande wa kitanda cha Rukia.

Rukia alikuwa mdogo wake, kitinda mimba. Mama yao alimkabidhi kwa Zuhura mbele ya watu: mrudishe kama ulivyomchukua. Usiku Rukia alifua mashuka ya hoteli, mchana alilala pale chumbani kwao, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hita ikiwashiwa yeye tu. Siku hizo alilala kupita kiasi. Akiamka kichwa kinamgonga, anatapika, kisha anacheka na ukuta.

"Kapandwa huyu," Zuhura alinong'ona.

"Ama ako na mimba," alisema Jerusha, Mkenya waliyechangia naye chumba, mlinzi kule Pearl, kisiwa kilichokuwa kikijengwa.

"Mimba gani inayoinamisha moto?"

Jerusha akavaa buti, akaenda kazini.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Zuhura akaamua kumfukiza. Kwao jini hafukizwi nusunusu: mgonjwa anafunikwa gubigubi, matundu yote yanazibwa, maana jini akipata upenyo anachomoka bila kusema anachotaka, na kesho anarudi. Basi akasokomeza taulo chini ya mlango. Hita akaiacha inawaka, eti mgonjwa asipate baridi. Akili hizo!

Udi ukafuka.

"Wewe uliye kwa Rukia, unataka nini? Marashi? Halwa? Sema, uende zako."

Kisha ule moto ukaanza kuvuta pumzi, fuu, fuu, kama mtu aliyelala chali, na kila ukivuta, shuka ya Rukia ilinywea mdomoni, na kila ukishusha, harufu ya udi ilipungua ikabaki hewa nzito isiyonuka chochote, na Zuhura alipotaka kuinuka aone kama mdogo wake bado yu hai akakuta magoti si yake tena, na masikioni mwake ikamjia sauti ya upole, tamu, ikimwambia lala, mwanangu, lala nawe, hapa pana joto, mnahangaikia nini huko nje.

Akalala.

Mlango ulisukumwa, taulo na yote. Jerusha alikuwa ametoka zamu. Akachana selotepu, akafungua dirisha, akafunga koki ya mtungi, akawaburuta koridoni mmoja mmoja kama magunia.

"Nyinyi ni wazimu? Moto ya gesi ikigeuka njano unazima, unafungua madirisha, unatoka! Hiyo hewa haina harufu, inakuua ukicheka! Tulifunzwa kazini!"

"Ni jini," Zuhura alisema, akitapikia ukuta.

"Haya, jini. Huyo jini dawa yake ni dirisha."

Rukia alizinduka jioni, hospitali, mpira wa oksijeni puani. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangezika. Hita ikatupwa, mtungi ukarudishwa dukani, yakanunuliwa mablanketi. Zuhura akakiri kwamba alikosea, neno ambalo hata marehemu mumewe hakuwahi kulisikia.

Wiki ya pili, mchana kweupe, Rukia amelala, dirisha liko wazi, chumba kizima kimezizima. Zuhura akapeleka mkono kumgusa mgongo. Baridi. Lakini godoro pembeni yake, pasipolala mtu, lilikuwa la moto, na limebonyea.

"Dada," Rukia akasema, macho kafumba, "funga dirisha. Mwenzangu anasikia baridi."

Zuhura akamwita Jerusha kwa sauti ndogo, lakini Jerusha hakuwepo. Akalishika dirisha kwa mikono miwili, akavuta lisifungike; na kitu asichokiona kikalishika vilevile, kikavuta lifungike, taratibu, bila haraka, na kilikuwa kinamshinda nguvu.